Mwalimu wa Usingizi

Mwaka ule ndio tuliacha kula unga wa njano. Wa umri wangu wanaukumbuka: ugali wake ulinuka gunia, na watoto waliusogeza pembeni ya sahani kama kitu kilichowatukana. Halafu ghafla maduka ya Levolosi, pale Arusha mjini, yakajaa mchele mrefu mweupe wa kutoka ng'ambo, mafuta ya kopo, na mkate ambao hukuupangia foleni. Watu walikula mpaka wakafura. Mimi mwenyewe nilipika pilau siku tatu mfululizo, si Krismasi si harusi, kwa sababu tu mchele ulikuwepo. Wakasema milango imefunguliwa. Kweli ilifunguliwa. Kwa mlango huohuo yakaingia malori ya mitumba, akaingia tajiri mwenye malori, na nyuma ya tajiri akaingia kwa baiskeli huyu mtu ninayetaka kumsema.

Jina lake silitaji. Ana watoto, nao hawajanikosea. Madereva walimwita Mwalimu wa Usingizi, basi na mimi nitamwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha madereva wa malori saa za kazi na saa za kupumzika: mwisho wa kushika usukani ni saa ngapi, unasimama wapi, unalala kiasi gani kabla hujawasha gari tena. Namsema kwa sababu watu wanamsifu. Juzi hapa Nduruma, msibani, mzee mmoja kasema mbele yangu, "Yule ndiye aliyetufundisha kanuni za barabara." Nikanyamaza kwa heshima ya maiti. Lakini si uongo, na hilo ndilo linalonikaba. Aliwafundisha vizuri. Alimfundisha mwanangu Loti kwamba dereva asiyelala ni maiti inayoendesha. Halafu Loti alipokufa, akasaini karatasi kwamba Loti alilala.

Hakulala. Nilikuwepo.

Nilikuwa na banda la chakula mbele ya geti la yadi ya yule tajiri. Jiko langu linatazama yadi, yadi inatazama jiko langu. Lori haliingii wala halitoki bila mimi kuliona. Wengine wakiona mwanamke na sufuria wanadhani kichwani mna mvuke tu. Mimi ni Mmeru wa Nduruma, darasa la nne nililimaliza, na nililimaliza wa kwanza, wavulana wakiwa nyuma yangu. Baba akasema inatosha. Kusoma nasoma. Nayaandika haya kwa mkono wangu, na mjukuu wangu Neema, binti wa Loti, ananisahihishia herufi tu, maneno hagusi.

Darasa la Mwalimu lilikuwa nyuma ya banda langu, chini ya mabati manne. Madereva walikaa juu ya matairi yaliyochoka. Ubao ulikuwa mlango wa nyuma wa lori uliopakwa rangi nyeusi, bawaba zikiwa bado zinaning'inia. Zamani alikuwa mkufunzi katika kampuni ya usafirishaji ya serikali, walimpeleka nje kusoma, nchi fulani ya baridi, akarudi na vyeti na koti zito ambalo hakulivua hata mwezi wa pili. Ile kampuni ilipokufa, tajiri akamchukua. Hamisi, dereva mmoja mwenye mdomo kuliko honi yake, alimchokoza siku ya kwanza tu.

"Mwalimu, huko serikalini kwenu malori yalipumzika sana eti?"

"Yalipumzika miaka mitatu," akajibu, bila kucheka. "Hayakuwa na tairi."

Wakampenda hapohapo. Na mimi nilimpenda, niseme ukweli. Nilimwekea chakula chake pembeni kabla wengine hawajachota.

Mkononi alivaa saa mbili. Kila mkono saa yake. Ya kushoto aliitegesha kwa hesabu yetu, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, ukihesabu mbele unapata saa moja ya asubuhi. Ya kulia aliitegesha Kizungu, ambako asubuhi hiyohiyo ni saa saba. Kwa sababu yale malori yalikuja na vitabu vyake vya safari, vyenye mistari ya kujaza saa ya kuondoka na saa ya kufika, na madereva walijaza kila mtu kwa kichwa chake. Mmoja anaandika saa nne ya kwetu, mwingine anaandika kumi ya Kizungu, na ni wakati uleule mmoja. Karani wa ofisini naye alikuwa amesoma shule za Nairobi, yeye aliandika Kizungu tu. Kitabu kimoja, hesabu mbili.

Kwa hiyo neno la Mwalimu lilikuwa hili: "Ipi?" Ukimwambia nimefika saa mbili, anakukata, "Saa mbili ipi?" Ukisema nitarudi kesho saa sita, "Sita ipi?" Alinijia asubuhi moja kutaka chai, nikamwambia iko tayari baada ya saa moja. "Saa moja ya urefu au saa moja ya kwenye saa?" Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni chai, si lori." Akasema, "Mama Loti, watu wanakufa katikati ya saa moja na saa moja." Nilicheka siku ile. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Alikuwa na zoezi moja ambalo mji mzima uliliongelea. Mchana, jua kali, anapiga ubao kwa spana: "Laleni!" Wanaume wazima kumi na wawili, wenye vitambi na ndevu, wanajilaza juu ya maboksi kama watoto wa chekechea. Yeye anapita katikati yao na koti lake, anainama, anamfunua mtu kope kwa kidole.

"Wewe unaigiza. Mtu aliyelala macho yake hayamfuati anayemtazama."

"Mwalimu, na kukoroma kuna cheti?" Hamisi anauliza akiwa amefumba.

"Kuna. Lakini wewe utafeli, unakoroma kwa nguvu kuliko unavyolala."

Siku nyingine ni lile neno lenyewe, kupumzika, lililoleta fujo. Hamisi akasimama: "Mwalimu, kwetu mtu tukisema amepumzika, tunachimba." Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu akangoja wamalize. Akasema, "Ndiyo maana nataka mpumzike mkiwa hai." Loti aliniletea maneno hayo jikoni kama mtu aliyeokota shilingi. Alikuwa anapenda darasa lile, mwanangu. Hakupata shule ndefu; mume wangu alikufa mapema na mimi nilikuwa na mikono miwili tu. Kanuni za Mwalimu aliziandika nyuma ya mlango wa chumba chetu kwa chaki: saa nne usukani, nusu saa chini. Ukitoka safari ndefu, saa nane za kulala, mfululizo, ndipo ushike gari. Neema alikuwa anajifunza kusoma kwa mlango ule.

Mwalimu alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mirungi. Akimkuta dereva anatafuna majani yale ili asisinzie, anamtemesha mbele ya wenzake. "Usingizi huu hujaufukuza, umeufungia nje. Utarudi na ndugu zake." Chakula alikula amesimama. Chai mwisho saa tisa ya mchana, baada ya hapo hata umbembeleze vipi. Lakini ugoro alinusa siku nzima, na tulipomsema alisema ugoro ni dawa ya kichwa. Na yeye mwenyewe, mwalimu wa kulala, alikuwa halali. Alitoka Terrat kwa baiskeli kabla hakujapambazuka, akirudi anakuta shamba la mahindi linamsubiri, ana wake wawili na watoto sijui wangapi. Mara nyingi nilimkuta benchini kwangu macho wazi, amelala kama kuku. Nikimgusa anashtuka, "Ipi?" Hata usingizini aliuliza ipi.

Na alikuwa na ujasiri, msinielewe vibaya. Kuna dereva mmoja alitoka Mwanza macho yamemvimba, msimamizi wa yadi akamwambia ageuze palepale aende Tanga. Mwalimu akavua lile koti, mara ya kwanza tuliona shati lake, akalikunja mto, akalala chali mbele ya matairi ya mbele. "Anza na mimi," akasema. Msimamizi alitukana mpaka lugha zikamwishia. Mwalimu kalala palepale, anatazama mawingu ya Meru, mpaka dereva akateremka akaenda kulala. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele. Nilimpelekea sahani ya loshoro palepale chini, mahindi na maziwa yake, akala amekaa mavumbini.

Siku ile tajiri hakuwepo. Kumbukeni hilo. Mimi sikulikumbuka kwa wakati.

Sasa nasema ya Loti.

Alitoka Tanga na mbolea. Aliingia getini saa moja ya asubuhi, saa moja yetu, nilikuwa nageuza chapati za kwanza. Akaandika kitabuni mwake: 1. Hakuandika asubuhi wala usiku, alichoka. Macho yake yalikuwa nyanya. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda nyumbani ukalale." Akasema, "Mama, tairi ya nyuma imekwisha, wacha nibadilishe kwanza." Akabadilisha tairi. Nilimwona. Akapanga magunia ya kahawa na wapakiaji kwa sababu mmoja hakuja. Nilimwona. Akaja benchini akiwa ameshika kiuno, nikampa makande, akala vijiko vitatu. Tajiri akatoka ofisini na suruali iliyopigwa pasi, akasema meli Tanga haingoji, Loti ageuze.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye geti. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mnyororo asubuhi ile, mlinzi alikwenda kunywa uji.

"Mwalimu," Loti akamwambia, kama mtu anayetania, "saa nane zangu?"

Mwalimu akatazama mkono wa kushoto. Akatazama mkono wa kulia. Akamtazama tajiri.

"Fungua," tajiri akasema.

Nikangoja avue koti. Naapa kwa Mungu, nilisimama na mwiko mkononi nikingoja avue lile koti. Akaingiza ufunguo, mnyororo ukaanguka, akausogeza kwa mguu ili usikanyagwe.

Na mimi? Mimi nilichofanya ni kumtilia mwanangu kahawa chungu kwenye chupa. Nilikimbia nikampa dirishani. Hilo nitakwenda nalo kaburini, silifichi. Nikamwambia, "Utalala lini?" Akasema, "Nikirudi, mama." Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Karani akaandika kwake ofisini, Kizungu: 10.

Alikufa kabla ya saa sita mchana, mteremko wa kwenda mto Kikafu. Jua kweupe, barabara kavu. Lori lilitoka barabarani taratibu, waliokuwepo wakasema, kama mtu anayekwenda kuegesha. Hapakuwa na alama ya breki hata ya kidole. Chupa yangu iliokotwa nzima, kahawa nusu.

Siku ya pili walikuja nyumbani kwangu Levolosi, wanawake wamejaa ndani wanalia. Tajiri, karani, na Mwalimu na koti lake. Nje wameegesha gari lenye jeneza tupu, jeneza zuri la mninga, sikatai. Karani akanitolea pole, halafu karatasi, halafu kile kidude cha wino wa dole gumba. Hawakuniuliza kama naandika. Walikuja na wino wao.

"Mama, ni kwa ajili ya trafiki tu," karani akasema. "Weka dole hapa, tuondoke na mwili twende Nduruma."

Nikachukua karatasi nikaisoma. Wakashangaa. Iliandikwa kwamba dereva aliwasili saa 1, akaondoka saa 10, kwamba alikuwa amepumzika saa tisa kamili nyumbani kwa mama yake, kwamba ajali ilitokana na uzembe wa dereva mwenyewe. Chini pana mstari wa mama wa marehemu. Juu yake pana mstari wa mkufunzi, na mstari ule ulikuwa umeshasainiwa. Mwandiko wake naujua, ulikuwa ubaoni nyuma ya banda langu miaka mingi.

Mnaona walichofanya? Moja ya Loti ni yetu. Kumi ya karani ni ya Kizungu. Wamezifunga pamoja kama ng'ombe na punda kwenye jembe moja, zikazaa saa tisa za usingizi. Kwa saa ya kweli ni tatu, na hizo tatu alikuwa chini ya lori na spana. Kosa hilo mtu mmoja tu Arusha nzima alikuwa hawezi kulikosea. Alivaa saa mbili ili asilikosee.

Nikamgeukia. "Mwalimu. Saa moja ipi?"

Akatazama sakafu.

"Saa moja ipi, Mwalimu? Si ulikuwa unauliza?"

"Mama Loti," akasema, sauti ya chini, "nimesaini kilichoandikwa."

Tajiri akakohoa. Akasema mambo yasifike mbali, kwamba tukio lenyewe limeshatokea, kwamba gari na jeneza ni msaada wa kampuni na msaada una utaratibu wake. Karani akakishika kidole changu. Akakishika kweli, kama mtoto, akakisogeza kwenye wino.

Nikakivuta. Nikasema, "Sitii. Mtoto hakulala."

Ndipo Mwalimu, sijui ni mazoea au ni nini kilimtoka, akauliza taratibu: "Sitii ipi, Mama Loti? Hutii dole, au hutii amri?"

"Chagua mwenyewe," nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye saa mbili."

Waliondoka na jeneza lao. Loti tulimlaza kwenye jeneza la mbao za kawaida alilogonga jirani yetu fundi, tukampeleka Nduruma na Hamisi, aliyeazima lori la mtu mwingine na kuacha kazi kwa tajiri siku hiyohiyo. Karatasi ilipita bila dole langu. Waliandika mama ni mgonjwa wa huzuni. Basi ikawa ndiyo ukweli. Mtu aliyelala saa tisa akatoka barabarani mchana kweupe, watu watasema nini? Walisema pombe. Neema alirudi kutoka shule akiwa darasa la pili, akasimama mbele ya ule mlango wenye chaki, akaniuliza, "Bibi, baba alikuwa mlevi?" Nikamwambia, "Baba yako alikuwa na usingizi." Ilibidi nimwambie kila mwaka. Watoto wa madereva wenzake Loti nao walirithi yale maneno, wakampa Neema.

Mwalimu aliendelea kufundisha. Hilo ndilo watu wanalosifu. Aliendelea miaka, malori yakaongezeka, darasa likapata viti, na waliopita mikononi mwake wengi wako hai. Sikatai, wako hai. Nimeshakutana nao, wanaume wazima wananiamkia shikamoo wakiwa na wajukuu. Nawaitikia marahaba. Lakini nilihamisha banda langu, na tangu siku ile sikumpa yule mtu hata maji.

Mpaka mwaka jana. Nilikuwa hapa Nduruma uani, nachambua maharage kwenye ungo, asubuhi ya jua zuri. Nikaona mzee anakuja na fimbo njia ya mfereji, koti zito. Kwanza nililijua koti. Akapiga hodi. Mwaka ule tulikuwa rika moja. Sasa alionekana baba yangu. Mikono yote miwili ilikuwa mitupu, na kwenye kila kifundo palikuwa na alama nyeupe ya mkanda wa saa.

Mgeni ni mgeni. Nilimpa kigoda, nikampa loshoro. Safari hii alikula amekaa.

"Mama Loti, mimi silali," akasema alipomaliza. "Tangu yule mke wangu mdogo afe, silali kabisa. Nikifumba macho nasikia mnyororo wa lile geti unaanguka. Hospitali wamenipa vidonge, nasikia mnyororo ndani ya vidonge."

Niliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Nimefikiri sana," akasema. "Wewe ulikuwa na wateja asubuhi ile. Ulikuwa na moshi. Ulikuwa unageuka huku na huku. Huenda ulipogeuka, alisinzia. Pale benchini. Robo saa tu. Vijana husinzia wakiwa wamekaa, mimi nimefundisha jambo hilo. Siombi karatasi. Niambie tu huenda. Nitilie neno hilo moja, nikalale."

Alikuwa analia, lakini machozi ya wazee ni machache, yanaishia kwenye makunyanzi. Nami niseme ukweli: lilinifika mdomoni. Huenda ni neno jepesi. Halina uzito wa harage. Mzee angelichukua akaondoka nalo njia ya mfereji, akalala, na nani angejua?

Lakini Neema alikuwa ndani, mtu mzima sasa, anakunja nguo, na nilisikia mikono yake imesimama. Alikuwa anasikiliza. Nikaona kwamba ile robo saa sina. Nikimpa huyu robo saa, naitoa kwa Loti, na kwa Loti imebaki hiyo tu, kwamba alikuwa macho mpaka anatoka getini, na watu wazima watatu walimtazama akiwa macho wakamwacha aende: mmoja akasema fungua, mmoja akafungua, mmoja akatia kahawa. Mimi yangu nimeibeba. Yake hakuna wa kumbebea.

Nikaweka ungo chini. Nikamtazama usoni mpaka akaacha kufuta macho. Nikamwambia yaleyale, kwa sauti ileile:

"Sitii. Mtoto hakulala."